Nani aliyejenga? Swali lililonikuta Studenica likanirudisha Kilwa

Mama mmoja wa makamo, mtunza geti wa monasteri ya Studenica huko Serbia, alitupokea kwa slatko. Ni matunda yaliyopikwa na sukari hadi yakawa mazito. Unalamba kijiko kimoja, unateremsha na glasi ya maji baridi. Wenzangu wakaongezewa rakija, gongo yao ya matunda. Mimi niliweka mkono kifuani, akaelewa bila maneno. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa: "Na kwenu, mwanangu, mnajengea nini? Miti?"

Mimi ni mtu wa Kilwa. Nilichomoa simu nikamwonyesha Husuni Kubwa, magofu ya kasri letu la kale, lile birika la pembe nane, na bahari chini yake. Akaikuza picha kwa vidole, akatazama sana. "Hii walijenga Waarabu," akasema. Hakuwa anauliza.

Sikukasirika. Nilitaka kucheka, maana saa moja kabla mwalimu wetu alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa monasteri hiyo akitueleza kwa nini tusithubutu kusema Studenica ilijengwa na Wagiriki au Waitalia.

Nasoma usanifu majengo Belgrade, huu ni mwaka wa tatu, kwa ufadhili wa serikali ya hapa. Mwaka wa kwanza wote ulikwenda kwenye lugha, na kilichonisaidia ni yale maneno ambayo Waturuki waliwaachia Waserbia na Waarabu wakatuachia sisi: sanduk ni sanduku, sapun ni sabuni, dućan ni duka. Hata inat, ile jeuri ambayo Waserbia wenyewe hujisifia, ni inadi yetu.

Neno lililonifungua macho kwenye somo la historia, hata hivyo, ni lao wenyewe: zadužbina. Ndani yake mna duša, roho. Mfalme alijenga kanisa ili aombewe, akalipa mashamba na vijiji vya kulitunza, akazikwa humo. Mwalimu alihangaika kuwaeleza wanafunzi wa kigeni. Mimi niliandika neno moja daftarini: wakfu.

Studenica ni zadužbina ya Stefan Nemanja, mwanzilishi wa ukoo uliotawala Serbia kwa karibu miaka 200. Aliijenga mwishoni mwa karne ya 12, akaacha utawala mwaka 1196 akawa mtawa, akafia Athos, mlima wa watawa huko Ugiriki, kisha mifupa yake ikaletwa hapa. Ukuta wa nje ni marumaru nyeupe, na milango imechongwa kama ile ya ng'ambo ya bahari ya Adriatiki, upande wa Italia. Inua macho: kuba ni la Bizanti, ile dola ya Kirumi ya mashariki. Ingia ndani: Kristo msalabani juu ya rangi ya buluu, kazi ya mwaka 1209 hivi, na maandishi yake ni ya Kiserbia. Sasa jengo hilo ni la nani?

Waandishi wamelivuta kila upande. Mwaka 1862 Felix Kanitz, mtu wa dola ya Austria, alichapisha Vienna kitabu cha makanisa ya Serbia na kuyaita ya Bizanti. Kuanzia 1871 wasanifu wawili wa hapa, Mihailo Valtrović na Dragutin Milutinović, walizunguka monasteri kila kiangazi wakipima na kuchora, zaidi ya miaka kumi. Walipoanza, Serbia ilikuwa bado chini ya Sultani wa Istanbul kisheria. Uhuru ulitambuliwa Berlin mwaka 1878. Unapima ukuta wa kanisa huku unapima na mpaka wa nchi.

Kisha akaja Gabriel Millet, Mfaransa. Kitabu chake kilitoka Paris mwaka 1919, Serbia na Ufaransa zikiwa zimetoka vitani upande mmoja. Millet aliyagawa makanisa mafungu matatu: ya Raška, kitovu cha Serbia ya mwanzo, ya Serbia ya Kibizanti, na ya bonde la Morava. Mgawanyo huo tunaufanyia mtihani hadi leo. Ni msaada mkubwa, sikatai. Lakini hesabu mafungu hayo kwa mpangilio wake na utasikia hadithi ya taifa: limezaliwa, limekuwa dola, limechanua mara ya mwisho kabla Waturuki hawajafika. Mafundi wamepotea humo. Kilichobaki ni ardhi inayojenga yenyewe.

Ndiyo maana nampenda Fra Vita.

Kanisa la Dečani, huko Kosovo, lilianzishwa na mfalme Stefan Dečanski na kumaliziwa na mwanawe Dušan. Juu ya mlango wa kusini pamechongwa jina la fundi mkuu: Vita, mtawa wa Kifransisko kutoka Kotor, mji wa mfalme; kazi imechukua miaka 8, imekamilika 1335. Mkatoliki wa pwani, kanisa la Waorthodoksi wa bara, na hakuna Mserbia anayesema Dečani kwa hiyo ni ya Wakatoliki. Wakfu ni wa aliyeuweka, na wa wanaosali humo.

Tazama miaka hiyo. Wakati Vita akipanga marumaru kwa mistari, mstari mweupe mstari wa waridi, msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Suleiman, yule wa Husuni Kubwa. Sisi nasi tuna ngano yetu: Ali bin Hassan wa Shiraz alinunua kisiwa kwa nguo za kukizungushia. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa miaka ya 1960, mkazo wake ulikuwa kwa waliotoka ng'ambo, na ilibidi wengine, Felix Chami wa Dar es Salaam akiwamo, wafukue upya hoja kwamba chimbuko la miji hii ni bara. Kwa Mserbia, mlango wa Kiitalia ni ufundi wa kuazima. Kwetu, tao moja tu, na mji mzima unapewa mgeni.

Ila siwaonei Waserbia wivu kupita kiasi. Kosovo, ardhi inayogombaniwa na Waserbia na Waalbania, mawe hayo yamegeuzwa hati ya kiwanja, na hati huwa inatafutwa na moto. Machi 2004 ghasia zilipolipuka huko, kanisa la Bogorodica Ljeviška mjini Prizren lilichomwa. Liliwahi kugeuzwa msikiti zamani, na Mwislamu mmoja aliyepita aliandika ukutani mstari wa Hafiz, mshairi wa Shiraz hiyohiyo, akimwambia mpendwa: mboni ya jicho langu ndiyo kiota chako. Siku hizohizo, kulipiza kisasi, Waserbia wenye hasira walichoma Bajrakli hapa Belgrade. Ni msikiti wa enzi za Waturuki, pekee uliobaki katika mji uliokuwa na misikiti kwa makumi. Umekarabatiwa, Ijumaa ndipo ninaposali. Kwenye somo letu la usanifu wa Serbia ulipata slaidi moja.

Jioni ile, kwenye basi, nilimtumia mama yangu picha ya kuba la Studenica. Akajibu: "Mashaallah. Msikiti wa wapi huo?"

Mtihani wa mdomo nilipata 8 kati ya 10. Niliulizwa nani alijenga Dečani, nikaanza na Vita.