Jinsi nilivyotatua mvua iliyokatwa vipande viwili

Mtaro niliokuwa nikiusanifu Kisauni ulinikosesha raha. Hesabu yangu ilitoa mvua ya miaka 10 (ile kubwa ambayo, kwa wastani, hufikiwa au kupitwa mara moja kila miaka 10) iliyo ndogo mno, ilhali wazee wa mtaa walinionyesha alama ya tope ukutani, usawa wa goti. Nilishuku fomula ya Gumbel, inayokadiria mvua kubwa za nadra kutokana na vilele vya mwaka, yaani mvua kubwa kuliko zote ya siku moja katika kila mwaka. Nikairudia mara tatu. Haikuwa na kosa.

Nikarudi kwenye daftari la kipimamvua. Mvua moja ya Mei, mwezi ambao masika hukolea huku Pwani, ilinyesha kutoka alfajiri hadi adhuhuri, lakini imeandikwa siku mbili! Kipimo husomwa saa tatu asubuhi, basi mvua ikakatwa katikati, nami nikachukua kipande kikubwa tu kuwa kilele cha mwaka.

Dawa yake ipo: vilele vya vipimo vinavyosomwa mara moja kwa siku huzidishwa kwa 1.13, ambao ni wastani, ili kukadiria saa 24 zozote. Nikazidisha, nikachora upya, nikaupanua mtaro. Tena jina “mvua ya miaka 10” lisikudanganye: ndani ya miaka hiyo 10, uwezekano wa kuipata angalau mara moja ni kama asilimia 65. Na watoto hupita pale kila siku wakienda madrasa.