Kusakinisha FreeBSD kwenye Dell PowerEdge R730: anza na kidhibiti cha diski

Seva za mtumba ambazo makampuni huziuza yanapobadilisha mitambo mara nyingi ni mashine imara kuliko bei yake inavyodokeza, na Dell PowerEdge R730, iliyoingia sokoni mwaka 2014, ndiyo ninayoipenda zaidi kwa kazi ya kuhifadhi mafaili. Wanunuzi wake wa kwanza wengi waliiwekea Windows Server au VMware. Hata hivyo FreeBSD, mfumo endeshi wa chanzo huria uliotokana na Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, huikubali vizuri, ilimradi suala la kidhibiti cha diski limalizwe kabla ya kuanza kusakinisha.

Seva hizi huja mara nyingi na kidhibiti cha PERC H730, ambacho kazi yake ya kawaida ni kuunganisha diski kadhaa na kuuonyesha mfumo diski moja ya kubuni. Kwa ZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili unaokuja na FreeBSD, huo ni mkosi. ZFS huhakiki kila kipande cha data inapokisoma, na ikikuta kimeharibika hukirekebisha kutoka nakala nzima iliyo kwenye diski nyingine. Ikionyeshwa diski moja tu, itagundua hitilafu lakini haitakuwa na pa kuchukua nakala hiyo, sawa na mhasibu aliyepewa jumla akanyimwa stakabadhi.

Bahati nzuri H730 ina hali ya HBA, inayoziacha diski zionekane zilivyo. Bonyeza F2 seva inapowaka, ingia kwenye mipangilio ya kidhibiti, futa diski zote za kubuni (data iliyomo itapotea, kwa hiyo inakiliwe kwanza), kisha badilisha hali na uwashe upya.

Linafuata jambo ambalo wengi hulipita. FreeBSD ina viendeshi (programu zinazouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa) viwili vinavyoweza kushika kidhibiti hiki, mfi na mrsas, na kwa miaka mingi kilichotangulizwa ni mfi. Mimi huchagua mrsas, kwa sababu diski huonekana kwa majina ya kawaida ya da0, da1 na kuendelea. Kwenye menyu ya kuwasha ya kisakinishi cha FreeBSD, toka uende kwenye mstari wa amri, andika set hw.mfi.mrsas_enable=1, kisha boot. Amri hiyo hudumu kwa uwashaji huo mmoja tu. Kwa hiyo kabla ya kufunga usakinishaji, kubali kufunguliwa shell (sehemu ya kuandikia amri) na uandike hw.mfi.mrsas_enable="1" ndani ya /boot/loader.conf. Ukiiacha, mfi inaweza kurudi na kuzibadilisha diski majina: ZFS itazitambua kwa lebo zake, lakini mistari ya swap (nafasi ya diski inayosaidia kumbukumbu ya RAM) iliyo kwenye /etc/fstab itakuwa inataja vifaa visivyokuwepo.

Sehemu iliyobaki ni nyepesi. Chagua Auto (ZFS), na kama nafasi inatosha pendelea mirror (kila diski ina nakala kamili ya mwenzake) kuliko raidz (data na taarifa za kuifufua hugawanywa kwenye diski kadhaa), kwani kubadilisha diski iliyokufa huchukua muda mfupi zaidi. Fungua akaunti ya mtumiaji na umwingize kwenye kundi la wheel, ambalo wanachama wake wanaweza kujigeuza root (msimamizi mkuu wa mfumo), maana SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mtandao, kwa kawaida haimruhusu root kuingia moja kwa moja. Mfumo ukishawaka, sakinisha smartmontools, zana za kupima afya ya diski, kwa pkg (kisakinishi cha programu cha FreeBSD) na uendeshe smartctl -a /dev/da0, kisha diski zinazofuata moja moja. Diski za mtumba zina saa nyingi za kazi, na yenye dalili za kuchoka ni heri iondolewe kabla haijapewa data ya mtu.