Nilivyozungumza na kocha kuhusu mazoezi ya kupiga ya binti yangu

Binti yangu yuko darasa la saba hapa Ohio, na mchezo anaoupenda kuliko yote ni softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo unaofanana na besiboli. Mimi nilikulia Morogoro, nikicheza rede na netiboli, kwa hiyo softiboli nimejifunzia ukubwani, kwenye mabenchi ya wazazi, kwa kuuliza na kusoma. Nayaandika haya kwa ajili ya wazazi wenzangu huku ughaibuni ambao wanaona jambo uwanjani, linawakera, kisha wananyamaza kwa kuhofia kuambiwa kwamba hawaujui mchezo.

Mwezi Machi huku bado ni baridi, hivyo mazoezi ya msimu huanzia ndani ya ukumbi. Kocha wa shule ni mwalimu anayejitolea, mtu mwema, na wasichana wanampenda. Lakini mazoezi yake ya kupiga yalinitia wasiwasi tangu mwanzo. Aliwafundisha mguu wa nyuma ubaki palepale na kuzunguka juu ya kidole gumba, kama mtu anayeponda mdudu. Gongo alitaka lishuke kutoka begani kwenda chini, liupige mpira kwa juu. Kabla ya kupiga, kila msichana alivisha gongo lake pete nzito na kulizungusha. Halafu kulikuwa na zoezi la wasichana kurushiana mipira wawili wawili kwa karibu sana, mmoja akirusha na mwenzake akipiga kwa gongo, bila wavu wa kumkinga anayerusha.

Hili la mwisho nililitenga na mengine mapema. Mpira uliopigwa kwa nguvu kutoka hatua chache haumpi mtoto wa miaka 12 nafasi ya kukwepa. Hayo mengine ni suala la ufundi, na kwenye ufundi watu wanaweza kutofautiana.

Sababu ya wasiwasi wangu kuhusu ufundi ni hii. Kwa umri wao mrushaji husimama kama mita 12 kutoka kwa mpigaji. Mpira wa kilomita 80 kwa saa unafika ndani ya nusu sekunde hivi. Katika softiboli mpira hurushwa kwa chini, mkono ukizunguka na kuuachia karibu na nyonga, kwa hiyo unapofika kwa mpigaji unakuwa unashuka kidogo tu. Gongo likitoka juu kwenda chini, linakutana na njia ya mpira mahali pamoja tu. Mtoto akiwahi au akichelewa kidogo, anakosa, au anaugusa unabingirika chini. Gongo likipita kwenye njia ileile ya mpira, likiinuka kidogo, lina nafasi kubwa zaidi ya kuupata. Ted Williams, mpigaji maarufu wa besiboli wa Marekani aliyemaliza msimu wa 1941 akiwa na wastani wa .406 (yaani alifanikiwa kupiga karibu mara nne katika kila kumi), alilisisitiza hilo la kuinua kidogo, na mrushaji wa besiboli anaurusha mpira kutoka juu zaidi kuliko wa softiboli. Na ule mguu wa nyuma ukigandishwa chini, uzito wa mwili unabaki nyuma badala ya kuhamia mguu wa mbele, ambako nguvu ya pigo inatakiwa kwenda.

Nilimrekodi binti yangu kwa simu, kwa ubavuni, kwa mwendo wa polepole. Kisha tukakaa wawili tukatazama wapigaji wa timu za taifa za Marekani na Japani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeona kwamba wengi wao, gongo linapokutana na mpira, kisigino cha mguu wa nyuma kiko hewani na uzito umeshakwenda mbele. Akaniuliza, "Mama, sasa nimsikilize nani?" Kiangazi alikuwa amefundishwa kupiga kama wapigaji hao na mwalimu mwingine, na sasa alikuwa katikati ya watu wazima wawili anaowaheshimu.

Swali hilo liliniuma kuliko mazoezi yenyewe. Sisi tumelelewa kwamba mwalimu habishiwi, na sikutaka mwanangu ajifunze kumdharau. Nikamwambia, "Kwenye mazoezi fanya anachosema kocha. Ila muulize mwenyewe, kwa adabu, zoezi hili linatusaidia nini." Shule nyingi huku zinataka utaratibu huo: mchezaji aanze mwenyewe, mzazi afuate, na mkuu wa michezo awe wa mwisho. Pia timu nyingi huwaomba wazazi wasubiri saa 24 baada ya mechi kabla ya kumfuata kocha. Ni busara, kwa sababu maneno ya moto wa mechi hayarudi mdomoni.

Binti aliuliza, akajibiwa kwa kifupi. Nikamwandikia kocha kuomba dakika chache siku isiyo na mechi. Sikupeleka video, na sikumtaja yule mwalimu wa kiangazi. Nilimwomba anieleze lengo lake. Akanieleza vizuri: kwa umri huu, mpira unaobingirika una faida, maana mpinzani lazima auokote, aurushe, na mwenzake audake, na katika hatua hizo tatu watoto hukosea sana. Ukipigwa juu, kinachohitajika ni kudaka tu. Nilikubali kwamba ana hoja. Nikamwambia kwamba binti yangu anataka kucheza hadi sekondari, ambako makosa hayo hupungua, na nikamwomba kwenye mechi amwachie apige alivyozoea. Alifikiri kidogo, akakubali, kwa sharti kwamba mazoezini afanye kama wenzake. Ilinitosha.

Kuhusu wavu sikuuliza lengo. Nilisema wazi kwamba sitamruhusu mwanangu kurusha bila kinga, na ningependa watoto wa wenzangu nao wasirushe. Akasema wavu uko uwanja wa nje na haujaletwa ndani. Wiki iliyofuata ulikuwa bado haujaletwa, nikamwandikia mkuu wa michezo na kumpa kocha nakala ili asione nimemzunguka. Wavu ukaletwa. Wazazi wawili watatu walinifuata baadaye wakasema nao walikuwa na hofu hiyohiyo.

Ile pete nzito bado ipo. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba ukilizungusha gongo lililoongezewa uzito, unapoivua unahisi gongo ni jepesi na la kasi, ilhali mara nyingi linakwenda polepole zaidi. Hilo sijamsumbua nalo kocha. Binti yangu huizungusha na wenzake, anaivua, kisha analizungusha gongo lake tupu mara kadhaa kabla ya kwenda kupiga.