Twiga wa Mwambani

Mbukwenyi wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Somo la wiki hii ni Zaburi ya 50. Nawaomba muisome yote, msiishie pale kwenye "Ukaniite siku ya mateso", maana ndipo tulipozoea kukata na kutumiana kwenye simu.

Mwishoni mwa Novemba mtoto wa marehemu dada yangu, anayesoma chuo hapa mjini Dodoma, alikuja shambani kunisaidia kupanda uwele. Mlio wa huku mnajua, tunapanda kavu. Mbegu inafukiwa kwenye vumbi ingoje mvua ya Desemba, na mvua ikichelewa, ndege na mchwa wanajipatia chakula, nawe unarudia kupanda. Yeye alikuwa mbele na jembe anatoboa mashimo, mimi nyuma na kibuyu cha mbegu, nadondosha kidogo kwa vidole vitatu na kufukia kwa kisigino. Mstari wa tatu hivi akauliza bila kugeuka: "Mama mdogo, umewahi kufikiri kwamba Mungu tumemtunga wenyewe?"

Nikamwambia achimbe kwanza, tena mashimo yake yanazidi kina.

Sikuwa namkwepa. Au labda nilikuwa namkwepa, maana swali hilo ninalo siku nyingi. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka mingi, na karibu kila mwaka tukifika kwenye umoja na wingi kuna mtoto anainua mkono: mbona wingi wa Mungu ni miungu, kama mti na miti, mto na mito? Kwa nini si waungu, kama watu? Nilikuwa najibu kwamba neno lenyewe ni ndugu wa Mulungu, jina ambalo Wagogo na makabila mengine mengi ya Kibantu wanamwita Muumba hadi leo, na kwamba mpangilio huo ni wa kale sana. Jibu la darasani hilo, mtoto anaridhika anakaa. Lakini jioni nikichambua mlenda lilikuwa linanirudia: wazee wale walimweka fungu moja na miti na mito kwa sababu walikutana naye huko, au kwa sababu walimchonga kutoka huko?

Kijana alikuja amejiandaa. Alinitajia Mgiriki mmoja, Xenophanes, wa kama miaka 2,500 iliyopita, aliyesema Waethiopia wana miungu weusi wenye pua bapa, Wathrakia wana miungu wenye macho ya buluu na nywele nyekundu, na ng'ombe nao wangekuwa na mikono ya kuchorea, wangechora miungu yenye umbo la ng'ombe. Hapo nilicheka kwa sauti. Kuja kumwambia Mgogo kwamba ng'ombe ana mungu wake, ni nani atakayekubishia? Akaniletea na Mjerumani, Feuerbach, aliyeandika mwaka 1841 kwamba mtu huchukua kilicho bora ndani yake, upendo, hekima, nguvu, akakitundika mbinguni, kisha akapiga magoti mbele ya kitu chake mwenyewe.

Nikamjibu kwa mvua. Nikasema: mwanangu, Dodoma mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 600, na Februari hukatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Watu wa nchi hii wameomba mvua tangu enzi za watemi, kabla hata wamisionari hawajafika Mpwapwa miaka ya 1870. Kama Mungu ni wa kutunga, mbona tulitunga anayenyima? Mtunzi mwenye akili angejitungia anayenyesha kwa ratiba.

Nilijiona nimepiga bao. Akasimamisha jembe, akajifuta jasho, akasema taratibu, "Lakini mama mdogo, asiponyesha si huwa mnatunga na sababu? Mnasema kuna dhambi kijijini."

Nilinyamaza. Alikuwa amenishika. Nimewahi kukaa kwenye ibada ya kuombea mvua ambapo mhubiri alitaja sababu za ukame mpaka akafika kwenye mitindo ya nywele za mabinti.

Kwa hiyo sikumwambia neno la ushindi. Nilimwambia habari ya Kolo. Miaka kadhaa nyuma nilikwenda na wanafunzi kuona michoro ya mwambani, kule mbele ya Kondoa ukielekea Babati, ambako pameingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Michoro iko kwenye kuta za mapango mengi, zaidi ya 150, nasi tulipanda kuona michache tu, magoti yangu yakilalamika njia nzima. Rangi ni nyekundu ya udongo wenye madini ya chuma. Ukisogea karibu unaona mstari ulianza mnene na kuishia mwembamba, pale kidole au unyoya ulipokuwa unaishiwa rangi. Yupo twiga. Shingo yake imevutwa kwa mkono mmoja usiosita. Aliyemchora alimjua twiga. Na hawako mbali watu warefu mno, wembamba kama vijiti, wenye vichwa ambavyo sijui niite nywele, kofia au kitu gani. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, twiga wapo. Na hawa nao walikuwepo?" Mtembezaji wetu alisema wataalamu wanabishana, wengine wanaona ni waganga wakiwa wamepandisha. Akatuonyesha na mahali ambapo wenyeji bado huja kutambika, kwa pombe na mbuzi, kuomba mvua na uponyaji.

Nilimwambia kijana: mkono ni mmoja, rangi ni ile ile, jiwe ni lile lile. Ukisema "mtu ndiye aliyechora", umesema kweli, ila hujasema lolote kuhusu twiga. Kumchora hakukumleta twiga duniani. Akasema, "Wala hakukuwaleta hao wenye vichwa." Nikasema ndiyo, nakubali. Ukutani peke yake huwezi kuwatenganisha. Inabidi utoke nje ukatafute nyayo.

Ndipo narudi Zaburi ya 50, wapendwa, maana hapa Biblia inanishangaza. Ningetegemea Mungu wa Biblia amkemee anayeuliza kama ametungwa. Badala yake anawageukia waumini wenye sadaka mkononi. Kama ningekuwa na njaa, anasema, nisingekuambia wewe; mnadhani nala nyama ya mafahali na kunywa damu ya mbuzi? Na mstari wa 21: "Ukadhani ya kuwa Mimi ni kama wewe." Hilo si ndilo shtaka la Xenophanes? Limo ndani ya kitabu chetu wenyewe, tena linaelekezwa kwetu tunaokuja ibadani. Isaya 44 ndiyo kabisa: mtu anakata mti, nusu anaota moto na kuchomea nyama, nusu inayobaki anaisujudia. Hakuna mwanachuo aliyewahi kunidhihaki kwa ukali wa nabii huyu.

Niseme langu. Miaka mitatu niligombana na jirani aliyesogeza mpaka wa shamba, hatua nne hivi upande wangu. Kila usiku nilimwomba Mungu juu yake. Mungu niliyekuwa namwomba alimchukia jirani yule sawasawa na nilivyomchukia mimi. Alijua mpaka ulikuwa wapi, na alikasirika kwa hasira yangu, hata sauti yake ilikuwa yangu. Huyo nilimtunga. Naweza kuwaonyesha na mti niliomkatia. Aliyenisumbua ni mwingine, ambaye katikati ya maombi hayo alikuwa ananirudishia sura ya mke wa jirani yule akichota maji kwenye kisima kimoja nami, mgongoni ana mtoto mwenye homa, na sisalimii. Sikumwita. Sikumtaka. Nilijaribu kuomba kwa sauti kubwa zaidi ili nisimsikie.

Kijana alisikiliza hayo yote, akasema dhamiri nayo inaweza kuwa malezi tu, sauti ya bibi yake iliyobaki kichwani mwangu. Inawezekana. Bibi yake, yaani mama yangu, hakusalimiana na mwenye kugombana naye hadi anaingia kaburini, kwa hiyo mimi nina mashaka na hilo, lakini sikubishana. Kwangu ile ni alama ya kwato kwenye vumbi. Mwingine atapita hapo hapo aone shimo la kawaida.

Tulimaliza ekari saa tisa jua likiwa kali. Nyumbani nikasonga ugali, nikapasha mlenda, nikainamisha kichwa kushukuru kama kawaida. Yeye hakuinamisha. Alikaa kimya mkono ukiwa mbali na sahani, akanisubiri mpaka nikasema Amina, macho yake yakiangalia nje kule tulikopanda. Najua hivyo kwa kuwa na mimi nilikuwa nimefumbua yangu.