Siku moja maishani mwangu: mganga mfawidhi wa zahanati ya kijiji, Tanzania

Saa 1:00 asubuhi. Kazi ya kwanza ni kusoma kipimajoto cha jokofu la chanjo. Nyuzi 5, zinatakiwa kuwa kati ya 2 na 8, na fomu hujazwa asubuhi na jioni hata sikukuu. Ukitaka kuona sera yetu ya afya ikifanya kazi kama ilivyoandikwa, anza na jokofu hili. Mtoto wa wiki sita anachanjwa bila mama yake kuombwa hata shilingi.

Saa 2:00. Kliniki ya mama na mtoto. Wengi wamekuja kwa miguu. Mpango wa mwaka 2007 ulitaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Haujakamilika nchi nzima, lakini hapa wananchi walisimamisha boma na serikali ikalimalizia. Watumishi sasa ndio hawafyatuliwi kama matofali: ikama ya 2014, yaani idadi ya watumishi iliyowekwa kwa kila kituo, inataka zahanati iwe nao wasiopungua 15, sisi tuko wanne. Muuguzi wa kliniki ndiye huyohuyo wa leba.

Saa 4:30. "Shikamoo babu." "Marahaba, daktari." Presha 170 kwa 100. Jina lake limo kwenye orodha ya wazee wasiojiweza, kwa hiyo halipi kitu. Dawa yake imeisha, namwandikia akanunue. Anaikunja karatasi mara mbili, anaitia mfuko wa shati. "Kwa hiyo hapa nilikuja kupimwa tu."

Ugomvi wangu na sera uko hapa. Sera ya 2007 iliwasamehe wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee kama huyu. Sitaki msamaha huo uguswe. Ila dawa anayopewa aliyesamehewa imenunuliwa, na fidia yake haikupangiwa fungu. Dawa za ARV na kifua kikuu zina fedha zake za miradi. Za presha na kisukari zinategemea sana makusanyo ya kituo, yaani wanaolipa papo kwa papo na kadi za CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii), ambazo kaya ya watu sita ilichangia sh. 30,000 kwa mwaka. Maskini anamlipia maskini mwenzake.

Saa 8:00. Chai na andazi, nimesimama. Halafu rejesta za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, ambazo hazijawahi kumponya mtu lakini bila hizo hakuna maoteo ya dawa, yaani makadirio ya zitakazohitajika.

Saa 10:00. Kamati ya usimamizi wa kituo. Tangu 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti yetu, na mwenyekiti, mkulima, anadai risiti kuliko mkaguzi. Leo ni dawa za presha au tanki la maji. Mjumbe mmoja anakumbusha kwamba maji ya leba huchotwa na ndugu wa mzazi. Tunagawa: dawa kwanza, tanki robo ijayo.

Kisha inazuka Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, inayotaka wasio na uwezo walipiwe kwa mfuko maalumu. Mwenyekiti anauliza: fedha zikianza kufuata jina, ambaye jina lake halimo kwenye orodha yetu je? Kimya kidogo. Kuna wajane wawili hawamo, na kuna mwenye duka yumo. Mtendaji wa kijiji amepewa wiki moja airudie orodha nyumba kwa nyumba.