Kitanda Kinatazama Wapi?

Wateja wanaoniita niwapangie chumba cha mgonjwa huanza na rangi ya ukuta na pazia, nami siku hizi huanza kwa kuuliza kitanda kitatazama wapi. Mazoea hayo yametokana na utafiti mfupi ambao Roger Ulrich aliuchapisha mwaka 1984 katika jarida la Science.

Ulrich alipekua majalada ya hospitali moja ya Pennsylvania, nchini Marekani, ya kati ya mwaka 1972 na 1981, akachagua wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo, akawapanga wawili wawili waliofanana kwa jinsia, umri, hata uvutaji wa sigara. Vyumba vyao vilikaribiana kwa kila kitu isipokuwa dirisha, kwa kuwa mmoja alitazama miti na mwenzake ukuta wa matofali. Hata miezi aliichagua, Mei hadi Oktoba, maana wakati wa baridi miti ya kule hupukutisha majani. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku 7.96 kwa wastani, wenzao 8.70, tena walitumia dawa kali chache zaidi za kutuliza maumivu. Tofauti haifiki siku moja, na watu wenyewe ni wachache, lakini kugeuza kitanda hakuna gharama.

Basi mama alipovunjika nyonga nilijiona fundi. Nilikielekeza kitanda chake kwenye dirisha la uani, palipo na mwembe mkubwa, nikaridhika. Wiki ya tatu akaniambia, "Mwanangu, huo mwembe nimeshaumaliza. Nigeuzie barabarani." Barabarani kwetu kuna mama ntilie, kijiwe cha bodaboda na vumbi.

Niliurudia utafiti ule, na kwa aibu kidogo nikakuta kwamba Ulrich mwenyewe alitahadharisha kuwa mgonjwa wa muda mrefu, aliyechoshwa na kukaa bila cha kumshughulisha, huenda akafaidika zaidi na mtaa wenye pilikapilika kuliko na miti. Sentensi hiyo nilikuwa nimeisoma nikaipita.

Tuligeuza kitanda jioni ileile. Kufikia Jumatatu mama alikwisha kujua ni kijana yupi wa bodaboda anayechelewa kijiweni, na habari za nyonga, ambazo zamani zilinipokea mlangoni kila asubuhi, zilisubiri kwanza za barabarani ziishe.