Namna nilivyofanikiwa kuisoma sitiari, katika maneno na katika picha

Ushauri niliopewa tangu darasani, na ambao niliendelea kuusikia kwa watu wazima wenye shahada zao, ni huu: chukua tashbihi, ondoa neno "kama", utapata sitiari. "Juma ni hodari kama simba" inageuka "Juma ni simba", na kazi imekwisha. Ushauri huu umenikera kwa miaka mingi, kwa sababu unamfanya mtu aione sitiari kuwa pambo linalobandikwa juu ya maana iliyokwisha kukamilika, kisha unamwacha mikono mitupu anapokutana na "bei zimepanda", sentensi ambayo haina "kama" ya kuondolewa wala tashbihi iliyoitangulia. Mimi nilitaka niweze kuchukua habari ya gazeti au bango lolote, nioneshe sitiari iko wapi, inabeba nini, na inamsukuma msomaji afikie hitimisho gani. Sasa ninaweza, na ninaona fahari kueleza njia niliyoipita.

Kilichonifungua macho kilikuwa sentensi fupi tuliyoizoea: "Fulani ni fisi." Kama sitiari ingetegemea kufanana tu, basi ingebidi sentensi hiyo isimame juu ya sifa ambayo mtu huyo na fisi wanayo kweli. Lakini fisi madoa, yule anayesikika kana kwamba anacheka usiku, huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake. Si mzururaji anayengojea mabaki ya simba kama masimulizi yanavyodai. Ukweli huo wa wataalamu wa wanyama haubatilishi sitiari hata kidogo, kwani aliyeitwa fisi anabaki mlafi na mwoga vilevile. Mwanafalsafa Max Black alilieleza jambo hili katika makala yake ya miaka ya 1950 kwa mfano wa mbwa mwitu: kinachohamishwa si mnyama mwenyewe, bali mfumo mzima wa mambo ambayo watu wanaamini kumhusu, na mfumo huo huchuja yale tunayoyaona kwa mtu anayesemwa. I. A. Richards alikuwa ameshatenganisha pande mbili za sitiari mwaka 1936, na vitabu vyetu huziita kizungumzwa, yaani kile kinachosemwa, na kifananishi, yaani kile kinachoazimwa ili kukisemea. Mtu asipozishika pande hizi mbili kwa majina yake, asitarajie kufika mbali.

Katika kutafuta sitiari ndani ya matini nilifuata utaratibu uliochapishwa mwaka 2007 na kundi la watafiti 10 waliojiita Pragglejaz. Unasoma matini yote kwanza, unakata neno moja moja, unaandika maana ya neno hilo pale lilipo, kisha unauliza kama lina maana nyingine ya msingi zaidi, iliyo karibu na mwili, mwendo au vitu vya kushikika. Maana mbili zikitofautiana lakini ya kwanza ikaeleweka kwa kulinganishwa na ya pili, neno hilo ni la kisitiari. Kwa Kiswahili niliamua kupima mzizi wa kitenzi, si umbo zima lenye viambishi vyake, na nawashauri wengine wafanye hivyo. Utaratibu huu ni mzuri kwa kuokota maneno. Hauelezi, hata hivyo, maneno yaliyookotwa yanashikana vipi, na hapo ndipo nilipobuni jaribio ambalo sijaliacha tena.

Naliita jaribio la sentensi ya pili. Nikishapata neno la kisitiari, naandika sentensi inayoweza kulifuata kwa kutumia maneno ya upande uleule wa kifananishi, halafu natazama kama inaeleweka bila msomaji kusita. Chukua hasira. Tunasema "damu ilimchemka". Sentensi ya pili ni "mpe nafasi apoe kwanza", na hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo kuna joto, kuna kimiminika, kuna mwili ulio chombo, na kuna hatari ya kufurika, ndiyo maana twasema pia "alishindwa kujizuia, akalipuka". Chukua sasa "hasira zimempanda". Hapa joto halipo. Ukiandika "zikampandia kichwani, akawa haoni wala hasikii", umepata hasira iliyo na nguvu zake yenyewe, inayomkalia mtu na kumtawala, kwa namna ileile ambayo mtu husemwa kuwa amepandwa na pepo. Tofauti hii ina uzito mkubwa. Katika sitiari ya kwanza mtu ni chombo, na anaweza kulaumiwa kwa kutojipooza mapema. Katika ya pili ni mtu aliyevamiwa, na lawama inapungua. Hisia ni moja, jina lake ni moja, lakini hukumu inayofuata si moja. Orodha ya tamathali za semi haikuwahi kunionesha hilo, na jaribio hili lilinionesha kwa mistari miwili tu ya maandishi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini George Lakoff na Mark Johnson, katika kitabu chao cha mwaka 1980, walisisitiza kwamba sitiari ni jambo la fikra kabla ya kuwa jambo la maneno. Kinachohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine ni uhusiano: joto kwa kimiminika, mpanda kwa mpandwa, sababu kwa matokeo. Dedre Gentner alilijenga wazo hilo la kuhamisha mpangilio wa uhusiano katika nadharia yake ya mwaka 1983 kuhusu mlinganisho, na ninaona ndilo linaloeleza vizuri kuliko yote kwa nini kufanana kwa sura hakutoshi.

Picha zilinitaabisha zaidi, kwa kuwa picha haina "ni". Niliambiwa kwamba picha haina sitiari hata kidogo, ina alama tu, na ushauri huo nao ulikuwa wa kupotosha. Charles Forceville alikuwa ameshaandika kitabu kizima mwaka 1996 kuhusu sitiari za picha katika matangazo ya biashara. Fikiria bango lenye pakiti ya sigara iliyofunguliwa, na ndani yake zimepangwa risasi. Lipi ni kizungumzwa? Ujanja wangu ni kipande cha karatasi. Funika risasi, kisha uliza macho yako yanatarajia kuona nini pale palipofunikwa. Sigara, bila shaka, kwa sababu pakiti inazidai. Basi sigara ndiyo inayosemwa, na risasi ndizo zilizoazimwa. Sasa funika pakiti, uache risasi peke yake: mada yote inatoweka, hakuna anayeweza kujua bango linahusu nini. Mazingira ya picha hukitaja kizungumzwa hata kama chenyewe hakikuchorwa, na nilifurahi mno nilipoona jinsi kipande cha karatasi kinavyolithibitisha jambo hilo mbele ya mtu yeyote, hata asiyejua istilahi moja.

Karatasi hiyo ina mpaka wake, na ni haki niueleze. Kuna bango la aina nyingine, ambalo dunia imechorwa juu ya koni ikiyeyuka na kuchuruzika. Ukifunika dunia, macho yanadai askrimu, na kwa kanuni ya karatasi ungesema askrimu ndiyo inayozungumziwa, jambo ambalo ni upuuzi. Vitu viwili hapa vimeunganishwa kuwa umbo moja, kwa hiyo mazingira peke yake hayaamui. Nililirudia jaribio la sentensi ya pili, safari hii kwa pande zote mbili. "Dunia ni askrimu": basi joto linaiharibu, muda ni mfupi, na kilichokwisha kuchuruzika hakirudishiki kwenye koni. "Askrimu ni dunia": basi nini? Hakuna kinachofuata, labda kwamba ni ya mviringo. Upande ambao matokeo yanamiminikia ndio kizungumzwa. Kanuni hii imenisaidia kwa kila picha ya muungano niliyokutana nayo baadaye, na ndiyo ninayoithamini kuliko zote.

Lilibaki swali la akili. Je, mambo haya yanatokea kweli kichwani, au ni ufundi wa mchambuzi? Majaribio yapo, na yanafaa kusomwa kwa utulivu. Mwaka 1982 Sam Glucksberg na wenzake waliwapa watu sentensi na kuwataka waseme tu kama kila moja ni kweli au si kweli kwa maana ya moja kwa moja. Sentensi za namna ya "kazi fulani ni jela" ziliwachelewesha kusema "si kweli", ingawa maana ya kisitiari hawakuombwa waitafute. Ilikuja yenyewe. Kuhusu wakati, ambao twausema mara kwa sura ya kwamba sisi tunauendea, "tunaelekea mwisho wa mwaka", na mara kwa sura ya kwamba unatujia, "mwisho wa mwaka unakuja", Rafael Núñez na Eve Sweetser walichapisha mwaka 2006 uchunguzi kuhusu wasemaji wa Kiaymara wa milima ya Andes: wazee wengi miongoni mwao walinyoosha mkono mbele walipotaja mambo yaliyopita, na nyuma walipotaja yajayo. Mkono hauna kamusi, na bado ulifuata sitiari. Upande mwingine, utafiti wa Thibodeau na Boroditsky wa mwaka 2011, ulioonesha kwamba kuuita uhalifu mnyama au kuuita kirusi cha ugonjwa hubadilisha suluhisho ambalo watu wanapendekeza, ulirudiwa na Gerard Steen na wenzake, ambao mwaka 2014 waliripoti kuwa athari hiyo hawakuiona. Kwa hiyo siandiki kamwe kwamba neno moja "linaidhibiti" akili ya msomaji. Naandika ni hitimisho gani linarahisishwa.

Kwa mfano, niliichambua habari kuhusu ugonjwa wa mlipuko iliyojaa maneno ya vita: adui, silaha, mstari wa mbele, ushindi. Sentensi ya pili ilitoka haraka: askari shujaa haketi nyumbani. Lakini habari hiyohiyo ilikuwa ikiwataka watu waketi nyumbani! Elena Semino alipendekeza mwaka 2021 sitiari ya moto kwa ajili ya Uviko, nami nikaijaribu. Palipokuwa na adui nikaweka moto, palipokuwa na silaha nikaweka maji na nafasi isiyo na kuni, na palipokuwa na ushindi nikaweka makaa yanayohitaji kuangaliwa hata baada ya ndimi za moto kuzimika. Kuketi mbali kukapata maana papo hapo, kwa sababu moto hauvuki pasipo na cha kuunguza, na aliyefariki hakuonekana tena kuwa ameshindwa pambano. Chini ya kila sitiari huwa naandika pia kile inachokificha. Moto hutangulizwa na moshi; mtu aliyeambukizwa bila dalili hana moshi wowote. Kwa sababu hiyo sentensi ya habari ile iliyohusu vipimo niliiacha na maneno yake ya kawaida: apimwe hata asiyejisikia mgonjwa.